Gari la Moshi la Makuti

Chama chetu cha mtaani Makorora hakikuwa na jengo, wala bendera, wala hata ubao wa kuandikia jina. Kilikuwa na sufuria. Sufuria kubwa za pilau, ambazo mtu mnene angeweza kuoga ndani yake akajigeuza, na zilikuwa zikizunguka nyumba hadi nyumba, harusi hadi matanga, hata ukitaka kujua nani kafiwa au nani anaoza binti yake, huulizi mtu. Unatazama sufuria zinaelekea wapi. Mwenyekiti alikuwa fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya jirani yetu, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Mama yangu alikuwa mkuu wa upande wa akina mama, na cheo hicho, kwa kadiri nilivyokielewa mimi, maana yake ni kwamba sufuria zote chafu zililala kwetu na mwenye kuzisugua alikuwa mimi.

Nilikuwa nikikicheka chama, na hata sasa nakicheka. Msichana wa umri wangu, anayesoma bado, akiacha kuwacheka wakubwa atabaki na kazi gani. Lakini sikatai kwamba walifanya mema. Mitaro ya mtaa waliizibua wao kabla ya masika, hata iliyopita mbele ya watu wasiotoa mchango, kwa sababu, alivyosema mwenyekiti, maji hayaulizi nani mwanachama. Mtu akifa hana ndugu walimzika wao, awe wa kisiwani au wa mlimani, wa msikitini au wa kanisani. Na kila mwaka walifanya msaragambo: chama kizima kinatoka, wanaume kwa wanawake, kinamwezekea nyumba mtu mmoja asiyejiweza. Hapakuwa na malipo. Palikuwa na chai, na matusi ya kirafiki kutoka juu ya paa.

Mwaka jana ikawa zamu ya nyumba ya bibi mmoja wa Kisambaa aliyekaa nyuma ya kwetu. Ndiyo habari ninayotaka kuieleza, kwa sababu bibi yule hayupo tena Makorora, na mimi siku hizi nikitoka skuli nazunguka njia ndefu nisipite nyuma ya nyumba yetu.

Mumewe aliteremka mlimani zamani kuja kukata mkonge, kisha akaingia kwenye gengi la reli, akafanya kazi huko mpaka kifua kilipomshinda. Watoto wao walikufa wadogo. Bibi alibaki peke yake katika nyumba ya fito na udongo, vyumba viwili na ua, akiuza maandazi asubuhi na kwenda kanisani Jumapili na kitambaa cheupe kichwani. Mwezi wa Ramadhani hakupika mchana, ati asitutese sisi tuliofunga kwa harufu ya vitunguu. Hakuna aliyemwomba. Mimi, niliyekuwa nikifunga hadi adhuhuri na kufungulia nyuma ya banda la kuku, ningemshukuru zaidi kama angepika.

Kwetu bibi na mjukuu hutaniana, na yeye, ingawa hakuwa bibi yangu wa damu, aliniita mke mwenzangu tangu ningali natambaa. Basi marehemu mumewe, ambaye mimi simkumbuki hata sura, akawa mume wetu sote wawili.

"Mke mwenzangu," ataniita kutoka uani kwake, "mume wetu katuachia nyumba inayovuja, na wewe unakwenda skuli kuchora ramani ya Ulaya."

"Mume wako," namjibu. "Mie alinipa talaka kabla hajafa. Akasema sababu ni wewe, unakoroma."

"Alikwambia na habari ya ugali wako?"

"Alisema ni bora kuliko maandazi yako, kwa sababu ugali wangu angalau haukumvunja jino."

Atacheka mpaka ashike nguzo ya baraza. Mama alikuwa akinikataza, akisema yule ni mtu mzima na mimi sina adabu, na bibi akimsikia humwambia, "Muache. Nyumba isiyo na mtani ni kama mchuzi usio na chumvi."

Kitu kimoja tu hakukifanyia mzaha, nacho ni mvua. Paa lake lilikuwa limeoza. Nilimwambia hiyo si nyumba, ni chandarua, na hilo alilicheka. Lakini masika yaliyotangulia yalikuwa yameulowesha ukuta wa chumba cha kulala mpaka ukavimba tumbo, naye akauegemezea mti kwa nje na kukihamishia kitanda upande wa pili. Mwezekaji wa chama, mzee wa Kipemba aliyeezeka nusu ya nyumba za Makorora, alikuja kuugonga ukuta ule kwa vidole kama daktari, akasema unaweza kusimama miaka mingi ukikaa mkavu. Ukilowa tena hausimami.

Siku ile nilikuwepo. Bibi alimwambia mama, na safari hii bila kucheka, "Nyumba hii ikianguka sina pengine mjini hapa. Itabidi nirudi mlimani kwa mtoto wa kaka yangu. Na mlimani, mwanangu, nimekuwa mgeni. Walionijua wamekufa."

Kwa hiyo hapakuwa na mtu asiyejua kilichohitajika. Kilihitajika paa, na kabla ya mvua.

Ramadhani hiyo iliangukia mwisho wa kiangazi, masika yako mlangoni. Kila alasiri akina mama walikusanyika uani kwetu kushona makuti ya viungo. Unachukua ufito, unayakunja majani ya mnazi juu yake moja baada ya jingine, unayashona kwa kamba yakae yamebanana kama meno. Ya mama yalikuwa kama yamepigwa pasi. Yangu, alisema mama, yalifanana na mwandiko wangu. Bibi naye alikuja. Desturi ya msaragambo ni kwamba mwenye nyumba hashoni, anakaa anahudumiwa, lakini yeye alijifanya anashikilia ncha tu ya ufito wa mwenzake, kisha ukigeuka unamkuta keshashona nusu. Yalipokwisha yakapelekwa mlangoni kwake, maana makuti ya msaragambo hulala kwa mwenyewe mpaka siku ya kupanda juu. Akayafunika magunia. Akaweka fimbo kando kwa ajili ya mbuzi. Asubuhi nikienda skuli namkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya lundo lile kama mlinzi wa benki.

"Mke mwenzangu, umeposwa?" nikamwuliza siku moja. "Naona mahari imeshafika."

"Imefika," akasema. "Na wewe huna fungu."

Siku ya kuezeka ilipangwa iwe baada ya Idi. Mzee wa Kipemba alikataa kupanda juu ya paa na saumu, jua la mchana lile, na hakuna aliyemlaumu. Mvua, alisema, ilikuwa bado iko Pemba, na yeye angepelekewa habari ikipanda chombo.

Sasa niseme habari ya Idi Pili. Siku hiyo mitaa yetu hutoka kwa magwaride, kila chama na matarumbeta yake na ngoma zake, na kila chama kina kitu cha kustaajabisha watu kinachokokotwa mbele. Idi iliyokuwa imepita, watu wa mtaa wa Mabawa walitoka na meli. Meli kamili, ina mlingoti na nanga, imepandishwa juu ya mkokoteni, na nahodha wake anatema mate kama nahodha kweli. Sisi tulikuwa tumevaa sare nzuri tu na kuimba. Walipotupita wakatuimbia kwamba Mabawa wana meli, Makorora wana sufuria. Wimbo ule ulikaa mwaka mzima. Watoto wa Mabawa waliniimbia skuli. Mwenyekiti, wateja wake wa Mabawa walikuwa wakiuimba huku anawapima kiuno.

Basi akakata shauri: gari la moshi. Mikokoteni miwili ifungwe pamoja, ijengewe mbavu za mianzi, mbele dohani litoke moshi, nyuma behewa la abiria lenye madirisha. Mbavu zingevishwa turubali, na mwenye duka la nafaka alikuwa amekwisha kuahidi kuliazima. Mtaa mzima uliota gari lile. Mimi niliota zaidi ya wote, maana nilikuwa nimepewa cheo cha mkaguzi wa tiketi. Mashati ya Idi yalilala nusunusu kwenye cherehani, hayana mikono, na wenye mashati walipokuja kugomba waliishia kushika msumeno.

Kumi la mwisho la Ramadhani mwenye duka akarudi katika ahadi yake. Alisema anataka turubali kufunikia magunia yake ya mchele, kwa sababu hewa imebadilika. Mwenyekiti alirudi barazani akimlaani kwa uchoyo. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu anayeishi kwa mchele ameanza kutazama juu.

Waliokaa barazani jioni ile, wakingoja adhana, walipitisha macho mtaani wakitafuta kitu cha kuvisha mbavu za mianzi. Na kile kitu kilikuwa pale pale, kimefunikwa magunia, kina fimbo kando. Sikumbuki nani alisema kwanza. Nakumbuka tu kwamba lilipokwisha kusemwa lilionekana kama jambo dogo. Makuti yenyewe yamekaa tu. Ya chama yenyewe.

Walikwenda kuomba kwa heshima zote: mwenyekiti, mzee wa Kipemba, na mama. Mwenyekiti akasema na mimi nifuatane nao. "Bibi akimwona huyu, moyo wake hucheka," alisema.

"Shikamoo, mama," mwenyekiti akaanza.

"Marahaba. Mmekuja wengi. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Tumekuja kuomba."

Akawatazama, kisha akalitazama lundo. Hakuuliza wanaomba nini. Mwenyekiti akaeleza kwa ile sauti yake ndefu: makuti yatafungwa kwa kamba, taratibu, yatavaliwa Idi Pili peke yake, Idi Tatu yatarudi hapa hapa, na siku ya pili yake yatakuwa juu ya nyumba.

"Na mvua?" bibi akauliza.

"Mvua bado, mama," mzee wa Kipemba akasema. "Mie n'natoka inakotoka. Na kuti halifi kwa kuvaliwa siku moja. Hata kanzu huvaliwa, ikavuliwa, ikatundikwa."

Bibi akalinyoosha gunia moja juu ya lundo. Mwenyekiti akanitupia jicho. Nilijua ninachotakiwa, na sikuhitaji kusukumwa.

"Mke mwenzangu," nikasema, "mume wetu alitandika reli maisha yake yote, na gari lenyewe akilipanda anasimama nyuma na mabeleshi. Safari hii mpe nafasi akae dirishani."

Wakacheka wote. Hata yeye alicheka, kidogo, akafuta mikono yake kwenye kanga, ingawa mikono ilikuwa mikavu.

"Nyinyi ndio mliomchimbia kaburi," akawaambia wale wazee. "Siku ile hapakuwa na mtu wetu hata mmoja. Mtu aliyekuchimbia kaburi la mumeo akija kukuomba makuti, utamwambia nini? Chukueni."

Tulipokuwa tunarudi mama alisema, "Hakutaka."

"Kasema chukueni," mwenyekiti akajibu. "Tumesikia sote."

"Kasema chukueni," mama akakubali. Hakuongeza neno, na yeye alikuwa na cheo cha kuongeza.

Kwetu ukiombwa mbele ya watu na mtu aliyekufaa, hukatai. Wao walilijua hilo kama wanavyojua majina yao, na ndiyo maana hata siku hizi najiuliza waliita kuomba kwa nini. Lakini kujiuliza huko kumekuja baadaye. Siku ile nilikimbia kuchukua lundo la kwanza.

Kamba hazikushika. Gari likisukumwa kidogo makuti yanateremka kama suruali iliyokosa mkanda, kwa hiyo wakachukua misumari. Madirisha ya behewa yakakatwa kwa panga. Mimi nilishika ncha ya kuti huku linakatwa, ncha moja mwenyekiti, ncha moja mimi, tukipima kwa jicho kama watu wanaokata keki. Kisha ikapikwa rangi ya masizi na uji wa muhogo, gari likapakwa lote jeusi. Lilikuwa zuri. Sitalisingizia. Ukisimama mbali kidogo ukafumba jicho moja, ulikuwa unaweza kukata tiketi ya Korogwe.

Bibi alikuja kuliona siku ya kuamkia Idi. Akalizunguka polepole. Akagusa ukingo wa dirisha moja.

"Hili kuti ni lako," akaniambia. "Nimelijua kwa ubaya wake."

"Ndiyo maana nimelikata dirisha," nikasema. "Nimepunguza ubaya."

Akamgeukia mwenyekiti. "Mwanangu, si mlisema mtafunga kwa kamba?"

"Kamba haikushika, mama. Lakini tundu la msumari ni dogo. Maji yenyewe hayalioni."

"Haya," akasema. Akaenda zake, na mimi nikarudi kupaka masizi.

Idi Pili tulitoka baada ya adhuhuri. Ndani ya dohani kulikuwa na debe la makumbi ya nazi yanayofuka, na mpiga tarumbeta wetu alikuwa amejifunza mlio wa gari linapokaribia stesheni, mrefu kisha mfupi, hata mbwa wakakimbia njia. Mimi nilivaa kofia kuukuu ya baba, nikawa nakimbia kando ya behewa nikiwatoza faini watu waliosimama njiani bila tiketi. Sheikh mmoja mwenye heshima zake nilimwambia tiketi yake ni ya mizigo. Akacheka. Siku ya Idi watu husamehe. Watu wa mtaa wa Nguvumali walitoka wote barazani. Wazee waliofanya kazi reli walisimama na kusaluti, na sidhani ilikuwa mzaha.

Tulipolipita jumba la kona nilimwona bibi amesimama miongoni mwa watu, na kitambaa chake cheupe. Nikampungia tiketi. Hakuniona. Alikuwa anatazama juu ya gari, juu kabisa, mbinguni.

Mvua ilitukuta tunaingia Mabawa. Wao walikuwa wametoka na meli yao ile ile, wameipaka rangi upya, na wakaaibika hata wakaacha kuimba. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya uvuguvugu, na hakuna aliyekimbia. Mvua ya kwanza ya masika, siku ya Idi, mbele ya Mabawa: watu waliipokea kama zawadi. Ngoma zikazidi. Mwenyekiti, mtu mzima na wajukuu, alicheza ndani ya dimbwi na viatu vyake mkononi. Masizi yakaanza kuteremka, yakawapaka wote waliokuwa wakisukuma, kanzu nyeupe za Idi zikawa kama za watu waliotoka shimoni, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini matopeni.

Nilipoinuka nikamwona mama. Alikuwa ameacha kuimba. Ametia kichwa ndani ya dirisha la behewa, anatazama dari. Na mimi nikatia kichwa. Ndani mlikuwa mnanyesha. Watoto waliokuwa abiria walikuwa wamelowa chapachapa, na kila palipokuwa na msumari palikuwa na tone linalofuata tone.

"Tulirudishe," mama akasema.

Lakini halikurudi. Magurudumu yalizama, barabara ikawa uji, na watu walikuwa wamechoka na wamefurahi. Wakalisukuma hadi uwanjani Mabawa, wakaliacha, wakisema kesho. Na kesho yake mvua, na kesho yake mvua. Mwenyekiti alikuwa na mashati ya watu wa mtaa mzima hayajashonwa na Idi imeshapita. Mzee wa Kipemba alisema hapandi juu ya paa bichi, atavunjika mguu, na kweli angevunjika. Wengine walikuwa wanafunga zile siku sita za baada ya Idi. Mama aliwazungukia nyumba moja moja. Kila mtu alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli.

Walipokwenda hatimaye kuyachukua makuti, watoto wa Mabawa walikuwa wameligeuza gari hilo nyumba ya kuchezea. Yaliyobaki yalikuwa yameota ukungu kwa ule uji wa muhogo, yamechanika kwenye misumari, mengine yana madirisha. Mzee wa Kipemba aliliinua moja, likakatikia mkononi. Akaliweka chini kwa taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Ukuta wa bibi ulianguka alasiri moja akiwa kwetu, anakunywa chai. Haukupiga kishindo. Tulisikia kitu kama mtu mzito aliyekaa chini kwa uchovu. Bibi akaweka kikombe. "Ni wangu," akasema. Tulipofika, hata upande alikohamishia kitanda ulikuwa chini ya udongo, na mvua inaingia chumbani bila kizuizi, kama mwenye nyumba.

Akahamia kwetu, chumbani kwangu. Nilidhani itakuwa furaha: mtani wangu kitanda kimoja na mimi. Lakini alikuja mtu mwingine. Huyu aliomba ruhusa ya kuchota chumvi. Alikunja kanga yake kabla hatujaamka, akafagia ua ambao ilikuwa zamu yangu kufagia. Nilimwambia mume wetu atafurahi sana kusikia kwamba hatimaye wakeze wanalala pamoja bila kugombana. Akasema, "Eeh," akaendelea kuchambua mchele. Nilijaribu tena kesho yake, na kesho yake. Mtani hawezi utani akiwa chini ya paa la wenziwe. Hilo nilikuwa silijui.

Mwenyekiti alikuja, akavua kofia, akasema chama kitaujenga ukuta na kuezeka, masika yakipita.

"Mungu akipenda," bibi akasema.

Kilichokuja kwanza si kiangazi, bali mtoto wa kaka yake kutoka mlimani. Sijui nani alimpelekea habari. Alikuwa mtu mpole, buti zake zina udongo mwekundu, na alitushukuru. Alimshukuru mama kwa kumpokea shangazi yake. Akamshukuru mwenyekiti kwa yote ambayo chama kimemfanyia, akataja na kaburi. Mwenyekiti alikuwa akitazama cherehani yake muda wote. Ningependa yule mtu angegomba, nasi tungepata la kujibu.

Asubuhi ya safari nilimchukulia bibi mzigo hadi kwenye basi. Haukuwa mzito. Njiani nilitafuta la kusema, mimi ambaye walimu wananiweka mbele ya darasa ili wauchunge mdomo wangu.

"Mke mwenzangu," nikasema tulipofika, "mlimani kuna baridi. Usije ukaolewa tena kwa ajili ya blanketi."

Akatabasamu. Akanishika shavu kwa mkono wake wenye harufu ya hamira.

"Soma sana, mjukuu wangu," akasema, akapanda.

Mtu mwingine angefurahi kuitwa mjukuu. Nilisimama pale mpaka basi likaisha machoni, na kondakta wa basi jingine akaniuliza kama nimepotea.

Masika yalipopita chama kilitimiza ahadi. Mwenyekiti alishikilia, akasema msaragambo ukishatangazwa haufutwi, na nadhani alikuwa anahitaji kuufanya kuliko bibi alivyohitaji kufanyiwa. Akina mama wakashona makuti mapya. Wanaume wakainua ukuta, wakaukandika, ukanyooka vizuri kuliko wa zamani. Mama alituma salamu mlimani, kwamba nyumba inakaribia kuwa tayari. Zilirudi salamu kwamba anashukuru sana, ila magoti yake hayapendi tena kuteremka, na kama kuna mtu mwenye shida, apewe yeye.

Siku ya kuezeka nilikuwa chini, kazi yangu kumpa makuti mzee wa Kipemba aliyekuwa juu. Palikuwa na chai. Matusi ya kirafiki yalianza anza, yakazimika. Upande mmoja ulipokwisha, mwenyekiti alisimama katikati ya chumba, akatazama juu, akasema hapavuji hata nuru.

"Na ufunguo tutampa nani?" mzee wa Kipemba akauliza kutoka juu.

Mwenyekiti alikuwa na kijiko cha sukari mkononi. Akakitia kikombeni, akakoroga, akaendelea kukoroga. Mama akainama kuokota vipande vya kamba. 

Mzee akateremsha mkono wake.

"Haya, lete kuti," akasema, nami nikampa.